Taa ya Kushoto Ina Maji

Jumapili, tarehe 9 Machi

Leo naapa kuandika kila kitu, pamoja na yale yatakayoniaibisha. Mwalimu wa fizikia husema jaribio lisiloandikwa ni mchezo tu. Mimi sichezi.

Hali ni hii. Baba hufundisha watu kuendesha gari. Gari lenyewe ni moja, jeupe, lina kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya Baba. Jana lilipelekwa kukaguliwa. Likafeli! Si breki, si matairi. Taa! Kioo cha taa ya mbele ya kushoto kimejaa ukungu kwa ndani, na chini yake kuna kidimbwi kidogo kinachocheza gari linapokata kona. Mkaguzi ameandika kwenye karatasi: "Taa ya kushoto ina maji. Irudishwe Jumamosi." Baba ameisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Kisha akaitoa akaisoma tena.

Sasa ubaya wenyewe. Kuna tajiri wa malori anayemtaka Baba tangu mwaka jana. Lori linakwenda mbali sana, na dereva hurudi kwake mara moja kwa mwezi. Leo mezani Baba amesema, bila kumtazama yeyote, kwamba gari likifeli tena atanyang'anywa kibali cha kufundishia, na hapo hana budi kulikubali lori. Tajiri anataka jibu Jumamosi hiyo hiyo. Mama aliendelea kumenya vitunguu, kwa hiyo siwezi kuandika kwa uhakika machozi yake yalikuwa ya nini.

Baba mdogo alikuwepo. Baba mdogo huwepo kila chakula kinapopakuliwa. Ana duka la vipuri na anajiona daktari wa magari yote duniani. Akasema taa haitibiwi, kaka, taa inabadilishwa, na kwa bahati njema anayo moja dukani. Baba akamkumbusha ile waipa aliyomuuzia mwezi uliopita: ilifuta kioo mara nne, ikaruka, ikaenda zake. Baba mdogo akasema ule ulikuwa upepo. Baba akasema hataki taa ya mtu, ataifungua mwenyewe Alhamisi, siku ambayo hana wanafunzi.

Nikasema hakuna haja ya kungoja Alhamisi. Nitaikausha mimi.

Baba mdogo alicheka mpaka akapaliwa. Haya Injinia, utaipuliza kwa mdomo?

Acheke. Mwezi uliopita nilipata alama themanini na moja kwenye mada ya mvuke. Yeye alipata ngapi?

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Jaribio la kwanza. Shabaha: kunyonya maji yote. Vifaa: vile vifuko vidogo vyenye punje, ambavyo huwekwa ndani ya maboksi ya viatu vipya ili viatu visishike unyevu. Nimeomba darasa zima. Nimepata vinne, na kimoja kilikuwa kimeshatafunwa pembeni. Sikuuliza na nani.

Baba alipoingia kuoga baada ya kazi nilifungua boneti. Nyuma ya taa kuna kifuniko cha mpira. Nikakivua. Nikavifunga vifuko kwa uzi wa Mama wa kushonea, nikaviteremsha ndani polepole, kama mtu anayeteka maji kisimani, ila kinyume chake. Mpango ulikuwa nivivute kesho asubuhi vikiwa vimeshiba.

Uzi ulikatika. Vifuko vikaenda chini nyuma ya balbu, mahali ambapo mkono wangu haufiki. Na kile kilichotafunwa kikapasuka. Nilisikia punje zikimwagika moja moja. Tiki. Tiki. Tiki.

Nilirudisha kifuniko, nikafunga boneti, nikaenda kumsaidia Mama kukunja nguo bila kuombwa. Aliniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Mtazamo wangu: punje zinanyonya zikiwa kwenye kifuko, na zitanyonya vizuri zaidi zikiwa huru. Huenda hii ni hatua mbele.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Si hatua mbele.

Baba alirudi amekunja uso. Mwanafunzi wake wa saa nne ni muuguzi, mama mtu mzima, mwoga kidogo. Leo kila akikata kona alisikia chakacha, chakacha, chakacha mbele ya gari. Kona ya tatu alisimama katikati ya barabara, akazima injini, akasema Mwalimu, nimevunja kitu, naomba nishuke. Magari nyuma yanapiga honi, yeye analia. Baba akamwambia hajavunja chochote. Muuguzi akauliza sasa hiyo sauti ni ya nini. Baba akasema hajui. Muuguzi akasema ikiwa Mwalimu mwenyewe hajui basi ndiyo kabisa, akamaliza somo kwa miguu.

Roho iliniuma. Muuguzi huyo alikuwa amebakiza masomo mawili tu. Lakini kukata tamaa ni kazi ya watu wengine.

Jaribio la pili. Joto! Maji yakipata joto huwa mvuke, mvuke huondoka, mada imekwisha. Dada yangu ni msusi na saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Ana draya ya kukaushia nywele. Nilimwomba. Akakataa. Nikamwomba tena wakati mdomo wake umejaa vibanio, akatikisa kichwa, na kichwa kinaweza kutikiswa kwa maana nyingi. Nikaichukua.

Waya ulipita dirishani mpaka uani. Nilivua kifuniko cha mpira, nikaelekeza draya ndani ya taa kwa dakika ishirini. Ukungu ukaanza kurudi nyuma kama pazia. Kisha hakuna! Kioo safi! Niliiona balbu kama ninavyoiona pua yangu kwenye kioo. Nikarudisha kifuniko harakaharaka ili joto lisitoke. Nilipiga ukelele. Mama akaja na upawa mkononi akidhani ni nyoka. Nikamwonyesha. Akanishika shavu, akasema mwanangu, Mungu akuweke. Kwa dakika hiyo moja Baba alikuwa hasafiri tena.

Dada naye akatokea. Nyuma yake mteja, nusu ya kichwa kikavu na nusu kinadondoka. Maneno aliyosema Dada sitayaandika. Kiapo changu kinahusu mambo yangu, si matusi ya wengine.

Saa kumi na mbili jioni taa ilipoa. Ukungu ukarudi wote, na nadhani ulikuja na ndugu zake. Baba mdogo alipita, akainama, akachungulia, akauliza Injinia, umeshaichemsha, sasa tuitilie majani ya chai?

 Niliingia ndani kwa hatua za mtu mwenye mpango.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nilikuwa sina mpango jana. Leo ninao.

Nimefikiri darasani kutwa nzima (somo la historia, hakuna hasara). Kosa langu ni kwamba nimekuwa nikishughulika na maji yaliyomo bila kujiuliza yaliingilia wapi. Jioni nililala chini ya gari na tochi. Na nikaona! Nyuma ya taa, chini, kuna matundu mawili madogo kama ya pua. Wazi kabisa! Mtu ametengeneza taa, akaisafirisha, akaiuza, na wala hakuona kwamba ina matundu! Hata Baba mdogo, daktari wa magari, hajawahi kuyaona.

Jirani yetu ni fundi bomba. Nilimwomba gundi ya silikoni, ile nyeupe inayozibia masinki. Akauliza ya nini. Nikasema ya kuzuia maji, ambalo ni jibu la kweli. Akanipa tyubu nzima, akasema mtoto mwenye adabu kama wewe hata ukiniomba bomba nitakupa.

Nikaziba tundu la kwanza. Nikaziba la pili. Nikapaka na ukingo wote wa kioo, pande zote, kwa kidole. Hata hewa haipiti. Hakuna tone litakaloingia humo mpaka nimalize chuo kikuu.

Nimenawa mara tano na vidole bado vinagandana. Naandika kwa shida lakini kwa fahari.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Asubuhi taa ilikuwa nyeupe kama yai. Balbu haionekani. Kioo hakionekani. Ni yai.

Nilikwenda shule. Niliporudi Baba alikuwa amekaa sebuleni. Taa yote ameing'oa, ipo mezani juu ya gazeti, na pembeni amepanga alivyovikuta: vifuko vinne, uzi wa Mama, punje nyingi kwenye kisahani, na gundi niliyopaka, ameichuna vipande virefu. Alikuwa anavitazama kama mtu aliyepasua samaki akakuta saa ya mkononi.

Akauliza kwa upole. Upole wa Baba ni mbaya kuliko fimbo. Akauliza kama kuna mtu ndani ya nyumba hii anayeijua habari ya taa hii.

Nilifikiria kusema sijui. Niliifikiria vizuri, kwa pande zote. Kisha nikakumbuka kwamba ningelazimika kuuandika uongo huo humu. Nikasema ni mimi. Punje ni mimi, uzi ni mimi, joto ni mimi, gundi ni mimi. Na muuguzi kulia ni mimi.

 Baba akaniita nikae karibu, akaniwekea taa mapajani. Akasema, mwanangu, taa inapumua. Ukiiwasha, hewa ya ndani inapata joto, inatanuka, inatoka kwa yale matundu na unyevu wake. Ukiizima inapoa, inavuta hewa nyingine. Yale si makosa ya fundi, zile ni pua. Wewe umemziba mtu pua na mdomo halafu unashangaa anatoka jasho. Akanionyesha pia maji yalikoingilia hasa: kile kifuniko cha mpira cha nyuma kilikuwa kimepasuka ufa kama unywele. Nimekivua na kukirudisha mara mbili na sikuuona.

Baba mdogo aliitwa alete kifuniko kipya. Alikuja amenuna, maana alitarajia kuuza taa nzima na sasa anauza kipande cha mpira chenye ukubwa wa kikombe. Alipoona kisahani cha punje akapata nafuu. Akauliza shemeji, hizi zinapikwa na nazi? Mama akamwambia hebu na wewe utupumzishe.

Baba amekausha taa juani, amefuta ndani kwa kitambaa, amefunga kifuniko kipya, ameirudisha. Kisha akaniambia, kidole hewani, nisiiguse tena taa ya kushoto. Nikasema ndiyo Baba.

Nilimuuliza kuhusu lori. Akasema keshokutwa ndiyo itasema. Lakini nilipopita chumbani kwao niliona begi lake kubwa limeshushwa kutoka juu ya kabati. Limefutwa vumbi.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Taa ya kushoto inang'aa. Kavu! Usiku ulipita, asubuhi imepita, hakuna hata tone. Baba alipiga mluzi alipokuwa anavaa viatu. Muuguzi amerudi kwenye masomo.

Kila mtu ametulia. Hapo ndipo mimi hupata wasiwasi.

Nimeitazama taa ya kulia. Haina ugonjwa wowote. Lakini ina matundu mawili, wazi, kama ya mwenzake! Kutoka hapa mpaka uwanja wa ukaguzi kuna madimbwi yasiyopungua tisa. Dimbwi moja tu likiruka vibaya, maji yakaingia, Baba anaondoka na lile begi.

Nimekumbuka maneno ya Baba neno kwa neno, kwa sababu nimefundishwa kusikiliza. Alisema taa ya kushoto. Kuhusu ya kulia hakusema kitu. Tena kupumua ni lazima kwa mgonjwa. Mzima anaweza kubana pumzi kwa siku moja. Mimi mwenyewe hubana pumzi nikipita jalalani.

Gundi ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Nimetumia kidogo tu. Ni kinga, si jaribio, kwa hiyo sihesabu kama jaribio la nne.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Kiapo ni kiapo, kwa hiyo naandika.

Baba aliniruhusu nifuatane naye. Nilikaa kiti cha nyuma. Madimbwi yalikuwa kumi na moja, na taa haikuingiwa hata na tone. Nilijipongeza kimyakimya. Njia nzima Baba aliwasha taa ili aoneshe kwamba hana cha kuficha.

Kwenye uwanja kuna sheria ambayo hakuna aliyenieleza. Gari huoshwa kwanza. Mtu mwenye mpira wa maji akalimwagia maji baridi, bwaaa, mbele yote, na taa zikiwa za moto. Taa ya kushoto ilitoa ukungu kidogo, ikavuta pumzi, ikatakata. Taa ya kulia ikageuka yai.

Mkaguzi ni mama mnene kiasi, mwenye kalamu sikioni na kikombe cha chai mkononi. Alikuja na karatasi ya wiki iliyopita. Akatazama kushoto, akaitikia kwa kichwa. Akatazama kulia. Akatazama karatasi. Akamuuliza Baba kama haya maji yamehama.

 Baba aliinama akachungulia, na nilipoona mabega yake yanavyoshuka nikajua ameliona lori. Alitoa simu mfukoni. Akaishika tu.

Nikafungua mlango. Nikasema mheshimiwa, si maji, ni pumzi! Mimi ndiye niliyeziba pua. Naomba dakika kumi!

Mkaguzi akamuuliza Baba huyu ni wa nani. Baba akachelewa kidogo kujibu, na sitasahau hilo, lakini akasema ni wangu.

Mkaguzi akatazama kikombe chake. Akasema chai ni ya moto, na kuna magari mawili mbele. Kikombe kikiisha anaandika anachokiona, na hatarudi nyuma.

Nililala chini kwenye maji ya sabuni na gauni langu la kutokea. Nikang'oa kibanio cha nywele kichwani mwangu. Gundi ya yule jirani ni nzuri mno, haibanduki! Nilikwangua, nikavuta kwa kucha, nikavuta kwa meno. Tundu la kwanza. Baba akaja akalala chini upande wa pili na ufunguo wa gari, akalishughulikia la pili, hatukutazamana. Kisha akawasha taa, akawasha injini, akasimama. Ukungu haukwenda popote. Mkaguzi akamaliza gari la kwanza. Akanywa. Akamaliza la pili. Akanywa.

Pembeni juu ya kioo pakatokea kiduara kikavu, kama sarafu. Kikawa kama kisahani. Kikawa kama sahani. Mkaguzi alipofika kikombe kilikuwa kimebaki majani ya chai matupu, na balbu ilikuwa inaonekana, nzima, safi, na utepe mmoja tu wa unyevu chini ambao aliutazama ukiondoka.

Ameandika: "Limepita. Mtoto asikaribie taa."

Baba alisogea hatua chache, akanipa mgongo, akampigia tajiri wa malori. Nilimsikia. Alisema asante sana bosi, tafuta mtu mwingine, mimi nina kazi hapa hapa nyumbani. Kisha akasimama kidogo huko huko, akifuta uso kwa mkono wa shati, na uso wake haukuwa umemwagiwa maji.

Tuliingia barabara kuu. Halafu akasema funga mkanda, Injinia. Baba hakuwahi kuniita hivyo.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Begi limerudi juu ya kabati. Mama ameniadhibu: kufua gauni, kusugua sufuria zote, na kumwomba radhi muuguzi kwa maandishi. Nimekubali. Watafiti wengi wameteseka.

Sasa matokeo, kwa utulivu. Nimerudia kurasa zote. Ukungu wa taa ya kulia uliondoka lini? Gundi ilipobanduliwa. Na kama gundi isingepakwa, ingebanduliwaje? Kwa hiyo gundi ndiyo dawa. Baba mdogo anasema hii ni akili ya kuku. Lakini mwenye gari lenye cheti leo ni nani, na mwenye taa ambayo haijanunuliwa dukani ni nani?

Tena jana nikiwa chini niliona kitu ambacho sikumwambia mtu. Pikapu la buluu la ofisi ya ukaguzi lina ukungu kwenye taa zote mbili! Haiwezekani kunyamaza. Nimeandika barua, na nainakili hapa kwa sababu ya kiapo.

Mheshimiwa Mkaguzi,

Shikamoo. Mimi ni yule binti wa Jumamosi. Ulichoandika kuhusu mtoto na taa nimekielewa, na nadhani kilihusu gari la Baba tu. Pikapu lako linaumwa. Nina nusu ya tyubu iliyobaki, na safari hii nitapaka kwa ndani pia. Baba usimsumbue kwa kumuuliza, ana wanafunzi wengi. Barua hii anaileta Dada, ambaye atasubiri mlangoni na hajui kilichomo. Tafadhali mpe jibu mkononi kabla hajaondoka: nije Jumanne baada ya shule, au uniachie gari wikiendi nzima?